Nani Analipia Kilema? Kifundo cha Mguu na Historia ya Upasuaji Wake

Jioni moja ya mwaka 2003, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, niliruka kugombea mpira wa kona nikatua juu ya kiatu cha beki. Mguu wangu wa kulia ulipinda kwa ndani, na nikasikia mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa. Katika kituo cha afya nilikopelekwa walipiga picha, wakaona hakuna mfupa uliovunjika, wakaniambia: "Umeteguka tu." Nikapewa bendeji na vidonge vya kutuliza maumivu. Wiki iliyofuata mama mmoja wa mtaani, hodari wa kuchua, alinikanda kwa maji ya moto na chumvi huku nimeuma shuka. Uvimbe ukapungua, nami nikarudi darasani.

Neno "tu" katika sentensi ile ndilo linaloniandikisha makala haya. Kwa zaidi ya miaka 20 kifundo kile kimekuwa kikiniangusha pasipo taarifa: kwenye ngazi za jengo la utawala, kwenye changarawe za barabara ya nyumbani, na mara moja mbele ya wanafunzi zaidi ya mia, nilipokuwa nikishuka jukwaani baada ya kufundisha, kwa bahati mbaya, mada ya misingi imara ya dola. Mwaka jana nilimwendea daktari bingwa wa upasuaji wa mifupa. Alinishika kisigino, akausukuma wayo wangu mbele na nyuma, kisha akasema kano ya nje ilikatika siku ile ya mpira na haikupata kuunga inavyostahili. Nilimuuliza kama muda umeshapita. Akanijibu kwamba haujapita, na kwamba jambo hilo limejulikana tangu miaka ya 1960.

Mimi si daktari wa tiba. Udaktari wangu ni wa makabrasha, ule ambao mjomba wangu hadi leo anauita "udaktari usiotibu". Lakini jibu lile lilinisumbua kama msomi wa historia. Ikiwa jambo limejulikana kwa miaka 60, kwa nini halikunifikia mimi, niliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, katika jiji, mbele ya wahudumu wenye mashine ya eksirei? Nilianza kusoma nikidhani nitakuta historia ya visu na mikono hodari. Nilichokikuta zaidi ni historia ya fedha: upasuaji wa kifundo ulikua haraka pale ambapo kulikuwa na mtu au chombo kilichobanwa na sheria kulipia kilema.

Kwanza tuelewane kuhusu kiungo chenyewe. Kifundo kimejengwa kama kazi ya seremala. Mfupa mkubwa wa muundi na mfupa mwembamba ulio kando yake kwa upande wa nje huungana chini na kufanya tundu. Ndani ya tundu hilo unakaa mfupa wa juu wa wayo, kama ulimi wa ubao ulioingizwa katika tundu la mwenzake. Kano imara huifunga mifupa hii pamoja, tatu kati yake zikiwa upande wa nje, na iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ya mbele. Kazi hii ya seremala haivumilii ulegevu. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ramsey na Hamilton, walipima vifundo vya maiti na kuonyesha kwamba ule mfupa wa ndani ukisogea nje kwa milimita 1 tu, eneo linalogusana kati yake na mfupa wa muundi hupungua kwa asilimia 42. Uzito wote wa mwili hubaki ukibebwa na sehemu ndogo, na gegedu husagika mwaka hadi mwaka. Milimita moja ni zaidi kidogo tu ya unene wa kadi ya benki. Ndiyo tofauti kati ya mtu atakayetembea hadi uzeeni na mtu atakayetafuta fimbo akiwa na miaka 45.

Kwa karne nyingi hesabu hiyo haikuwa na maana, kwa sababu jeraha kubwa la mguu lilikuwa na majibu mawili: kuuacha upone ulivyopinda, au kuukata. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya St Bartholomew's, London. Mwezi Januari 1756 alitupwa na farasi katika mtaa wa Southwark, mfupa wa mguu ukatoboa ngozi. Pott alikataa kunyanyuliwa na wapita njia. Akiwa amelala kwenye baridi ile, aliagiza wachukuzi wawili waje na fito zao, akanunua mlango palepale, akaamuru fito zipigiliwe misumari kwenye mlango huo, na kwa machela hiyo akavushwa daraja la mto Thames hadi nyumbani. Madaktari wenzake walikubaliana kwamba mguu ukatwe. Vifaa vilikuwa vikiandaliwa alipowasili mwalimu wake wa zamani, Edward Nourse, akautazama upya, akashauri wajaribu kuuokoa. Mguu ukapona.

Vitabu vya tiba hukiishia kisa hapo, na kwa kawaida huongeza kwamba aina moja ya mvunjiko wa kifundo ilipewa jina la Pott kwa sababu ya maandishi yake ya baadaye, ingawa yeye mwenyewe hakuvunjika kifundo bali mfupa wa muundi. Mimi nakisoma kwa jicho jingine. Mgonjwa yule alikuwa na fedha ya kununua mlango barabarani, maarifa ya kukataa kubebwa ovyo, na rafiki wa kutoa rai ya pili kabla msumeno haujagusa mfupa. Mchukuzi aliyembeba, kama angevunjika siku ile, asingekuwa na hata kimoja. Na Pott, kwa haki yake, hakuwa kipofu wa mambo hayo: mwaka 1775 ndiye aliyeandika kwamba saratani iliyowapata wasafisha mabomba ya moshi ilitokana na masizi, yaani na kazi yao.

Haikuwezekana kufungua kiungo na kukirekebisha hadi mambo matatu yalipopatikana, nayo yote yalikuja ndani ya miaka 50. Mwaka 1846 dawa ya usingizi ilionyeshwa hadharani huko Boston. Mwaka 1865 Joseph Lister, katika hospitali ya Glasgow, alifunga kwa asidi ya kaboliki jeraha la mtoto wa miaka 11 aliyekanyagwa mguu na gurudumu la mkokoteni. Mfupa ulikuwa umetokeza nje, hali ambayo wakati ule mara nyingi iliishia kukatwa au kufa, lakini mtoto akapona bila usaha. Mwishoni mwa 1895 Röntgen akagundua miale iliyowezesha kuona mfupa ndani ya nyama. Kuanzia hapo daktari aliweza kuona, kufungua, na kufunga bila kuua. Muda si mrefu Albin Lambotte wa Antwerp, fundi aliyetengeneza kwa mikono yake vifaa vya upasuaji na hata fidla, akawa anaunga mifupa kwa vibati vya chuma na skrubu.

Lakini kuwezekana ni jambo moja, na kuwafikia watu ni jambo jingine. Hapa ndipo historia ya tiba inapokutana na historia ya siasa ya kijamii.

Mwaka 1884 serikali ya Bismarck ilipitisha sheria ya bima ya ajali kwa wafanyakazi wa viwandani. Bismarck hakuwa mjamaa. Alitaka kuwanyang'anya wajamaa wafuasi. Austria ikafuata mwaka 1887. Matokeo yake, mfanyakazi aliyevunjika mguu akabaki kilema alikuwa na haki ya malipo ya muda mrefu, na upande wa pili wa meza kulikuwa na chombo kilichotoa malipo hayo kila mwezi, mwaka hadi mwaka. Kwa mara ya kwanza, mguu uliounga vibaya uligeuka kuwa deni katika daftari la taasisi.

Mtu aliyelielewa daftari hilo kuliko wenzake alikuwa Lorenz Böhler wa Vienna. Alikuwa ametibu askari wengi waliovunjika mifupa katika Vita Kuu ya Kwanza, na aliamini kwamba wakikusanywa mahali pamoja, chini ya wataalamu na kwa utaratibu mmoja, wengi wangepona bila kilema. Aliiendea taasisi ya bima ya ajali ya wafanyakazi akiwa na hoja ya mhasibu: tibuni vizuri mapema, mtalipa pensheni kidogo baadaye. Hospitali ya ajali ilifunguliwa mwaka 1925. Böhler hakuwa shabiki wa kisu. Alitumia plasta ngumu, uzito wa kuvuta mguu, na mazoezi, na aliogopa maambukizi kwa haki. Lakini aliandika kumbukumbu za kila mgonjwa kwa ukali wa karani wa mahakama, na alimfuatilia hadi kazini.

Kizazi kilichofuata kilitokea Uswisi, nchi iliyokuwa na mfuko wake wa bima ya ajali ya wafanyakazi tangu 1918. Tarehe 6 Novemba 1958, mjini Biel, madaktari 13 waliunda kikundi kinachojulikana hadi leo kwa herufi mbili, AO. Miongoni mwao walikuwa Maurice Müller, Martin Allgöwer, Hans Willenegger na Robert Schneider. Waliliona tatizo ambalo plasta haikulitatua: mguu uliofungwa hogo kwa miezi huunga mfupa lakini hukakamaza viungo na kukondesha misuli, na mgonjwa hutoka na ugonjwa mpya uliotengenezwa na tiba. Jibu lao lilikuwa kufungua, kurudisha vipande mahali pake hasa, kuvikaza kwa vibati na skrubu, na kumwamrisha mgonjwa akichezeshe kiungo mapema. Kwa kifundo, ambacho milimita moja ni nyingi, jibu hilo lilifaa mno. Mmoja wa kizazi hicho, Bernhard Georg Weber, alieneza mgawanyo wa mivunjiko ya kifundo katika makundi matatu, A, B na C, kufuatana na mahali ulipovunjika ule mfupa mwembamba wa nje. Mgawanyo huo bado unasikika katika wodi za mifupa, za hapa kwetu pia.

Hata hivyo, vibati vilikuwapo tangu enzi za Lambotte. Upya wa AO ulikuwa katika utawala, na hapa naomba watumishi wa umma mnaosoma ukurasa huu mnivumilie. Walikubaliana kwamba kila upasuaji uandikwe katika fomu ya aina moja, pamoja na picha, na kwamba mgonjwa aitwe tena baada ya muda uliopangwa ili matokeo yaonekane, mazuri na mabaya. Walianzisha maabara Davos, na mwaka 1960 wakaanza kutoa kozi hapohapo, madaktari wakifanya mazoezi juu ya mifupa kabla ya kumgusa mgonjwa, na wauguzi wa chumba cha upasuaji nao wakafundishwa. Mapato ya hataza za vifaa yaliingizwa katika kampuni iliyogharimia utafiti na mafunzo, si katika mifuko ya waasisi mmoja mmoja. Siwezi kudai kwamba bima ya 1918 ndiyo iliyoizaa AO. Ninachoweza kusema ni kwamba pale ambapo mguu wa mfanyakazi una malipo, mguu huo una jalada. Na bila majalada, hoja ya madaktari 13 wa mikoani dhidi ya maprofesa wakubwa ingebaki kelele.

Sasa nirudi kwenye kano yangu. Mivunjiko ilikuwa na mabingwa wake, lakini kuteguka kulidharauliwa kila mahali, hadi Lennart Broström, daktari wa Uswidi, nchi iliyokuwa imeanza bima ya afya ya lazima mwaka 1955, alipolichukua jambo hilo kwa uzito. Kati ya 1964 na 1966 alichapisha mfululizo wa makala sita juu ya vifundo vilivyoteguka. Katika uchunguzi wa vifundo 105, alionyesha kwamba katika takriban theluthi mbili ni ile kano ya mbele ya nje iliyokuwa imekatika. "Umeteguka tu" kumbe lilikuwa jina la adabu la kukatika.

Kabla yake, waliokuwa na kifundo kinacholegea walifanyiwa upasuaji wa kukopa: msuli mmoja wa pembeni mwa mguu ulinyang'anywa kano yake, ikapitishwa katika matundu yaliyotobolewa kwenye mfupa ili iwe kamba mpya. Kifundo kiliacha kupinda, lakini mara nyingi kilikakamaa, na mguu ulipoteza mlinzi wake wa asili. Broström alikuta kwamba hata baada ya miaka mingi ncha za kano iliyokatika bado zipo, zimejificha ndani ya kovu, na zinaweza kukazwa na kushonwa mahali pake. Mwaka 1980 Gould, wa Marekani, aliongeza hatua ya kuimarisha mshono huo kwa utando wa jirani. Huo ndio upasuaji ambao daktari wangu aliutaja. La kuheshimiwa zaidi ni kwamba Broström hakuutumia ugunduzi wake kuwaburuta wote chumba cha upasuaji. Kwa kuwa kano huweza kushonwa baadaye, alisema, wengi waanze kwa kufungwa vizuri na kutembea mapema. Kisu kibaki kwa wachache ambao kifundo chao hakikutulia.

Ramani ya leo, kwa ufupi, ni hii. Aliyevunjika mfupa lakini tundu la seremala halijaachana huhitaji plasta au kiatu maalumu na picha za kufuatilia. Ambaye tundu limeachana huhitaji vyuma, na kama kano kati ya mifupa miwili ya muundi zimechanika, skrubu au kamba ngumu hupitishwa kuibana mifupa hiyo. Mwenye jeraha la wazi mara nyingi huanza na fremu ya nje, ile ambayo watu wetu, kwa ucheshi wao, wameiita antena. Mwenye kifundo kinacholegea huanza na mazoezi ya miezi kadhaa. Yakishindikana kano hushonwa, na ikiwa imechakaa mno hutafutwa nyingine ya kupandikizwa. Ambaye gegedu limekwisha husubiri mojawapo ya mambo mawili: mifupa kuunganishwa kabisa ili maumivu yakome pamoja na mwendo, au kiungo bandia, ambacho kwenye kifundo kimekuwa na historia ngumu kuliko kwenye nyonga na goti. Katika yote haya saa ina nguvu. Kifundo kilichovunjika huvimba upesi. Kama hakikupasuliwa mapema, daktari husubiri siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, hadi ngozi ianze kuonyesha mikunjo, maana kushona ngozi iliyotuna ni kualika kidonda. Lakini akingoja mno, mifupa huanza kuunga ilivyopinda.

Kijana mmoja anayeegesha bodaboda karibu na kwangu ilimpata saa hiyo. Gari lilimgonga ubavuni, kifundo kikavunjika pande zote mbili. Alipelekwa hospitali, akafungwa plasta ya muda, akaambiwa gharama ya upasuaji na ya vyuma. Ukoo ukaitisha kikao, kisha mchango. Sisi majirani tukachanga pia. Fedha ilipotimia, mwezi ulikuwa umepita. Alishauriwa kwamba sasa kazi ni kubwa zaidi na fedha ile haitoshi. Leo anaendesha pikipiki ya mtu mwingine, wayo ukiwa umegeukia nje, na akiwa na miaka 26 anashuka ngazi kama babu.

Si kwamba nchi haina wataalamu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. KCMC pale Moshi imekuwapo tangu 1971. Hayati Profesa Philemon Sarungi, bingwa wa mifupa aliyesoma Hungaria na baadaye kuwa Waziri wa Afya, ni miongoni mwa waliojenga taaluma hii nchini, na chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999, kimekuwa kikitoa mabingwa katika ukanda wote. Kisheria pia hatuko mikono mitupu: sheria ya 2008 ilichukua nafasi ya ile ya fidia tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Kama yule kijana angekuwa dereva aliyeajiriwa na kampuni, kifundo chake kingekuwa na jalada, na jalada lingekuwa na mlipaji. Yeye hana mwajiri. Anapeleka hesabu jioni kwa mwenye pikipiki, na uhusiano huo katika macho ya sheria yetu unafanana zaidi na ukodishaji kuliko ajira. Böhler angemtembelea nani na hoja yake ya pensheni? Kilema cha kijana huyu kinalipiwa kila siku, ila mlipaji ni mama yake, na mama yake haweki takwimu.

Kwa hiyo ninapoisoma Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, jicho langu halikai kwenye kaulimbiu. Linatafuta mambo ya kikarani: kama vyuma vya kuunga mfupa vimo katika kitita cha mwanachama wa kawaida, kama ruhusa ya malipo inatolewa ndani ya siku ambazo ngozi na mfupa vinaruhusu, na kama hospitali italazimika kumwita mgonjwa baada ya mwaka na kuandika kama anatembea. Ningependa mwanafunzi wangu mmoja wa shahada ya uzamili ayachukue maswali haya ayafanyie kazi, badala ya kuniletea pendekezo la tano mwaka huu kuhusu mitandao ya kijamii na uchaguzi.

Kuhusu mimi, daktari hakuniwekea tarehe ya upasuaji. Amenipa kwanza miezi mitatu ya mazoezi: nisimame kwa mguu wa kulia peke yake, macho nimefumba, dakika moja asubuhi na dakika moja usiku. Nafanya hivyo nikipiga mswaki. Hadi leo nimefika sekunde 19 kabla ya kushika ukuta.